Mzigo Ukipotea Njiani, Hasara ni ya Nani?

Somo: Biashara, Kidato cha Nne
Mada zinazohusika: mauzo ya bidhaa, usafirishaji, huduma za posta, bima

Ukimaliza somo hili uweze:
(a) kueleza ni wakati gani hatari ya hasara huhama kutoka kwa muuzaji kwenda kwa mnunuzi;
(b) kutofautisha anayebeba hasara na anayedai fidia;
(c) kujibu swali la kisa kwa hatua, bila kubahatisha.

1. KISA CHA KUANZIA

Mwaka mmoja nilichangisha fedha za vitabu vya marudio kwa wanafunzi wangu huku Momela. Walikuwa 24 na kila mmoja alitoa shilingi 12,000. Jumla ilikuwa shilingi 288,000. Wapo waliotoa baada ya wazazi kuuza debe la mahindi, na mmoja alinipa sarafu tupu ndani ya soksi. Nilimtumia muuza vitabu wa Dar es Salaam fedha hizo kwa simu, nikamwambia: "Viweke kwenye basi la Arusha, nitakuja kuvichukua mwenyewe."

Alivifunga kwenye boksi, akaandika jina na namba yangu, akalipakia, kisha akanitumia picha ya risiti. Kesho yake nilishuka mjini kuchukua mzigo. Boksi halikuonekana. Nikarudi siku ya tatu na ya tano, halikuonekana pia.

Nikampigia muuza vitabu nikitaka anirudishie fedha. Alinijibu kwa upole: "Mwalimu, uliniambia nipakie kwenye basi, nikapakia. Risiti unayo." Niliona kama ananidhulumu. Nilipotulia na kurudia mada hii, ambayo nilikuwa naifundisha kila mwaka, niligundua kwamba alikuwa sahihi. Nikaigeukia ofisi ya basi. Risiti yao ilisema "boksi 1" na nauli ya mzigo, basi. Haikutaja kilichomo wala thamani yake. Walikuwa tayari kurudisha nauli tu.

Vitabu vile nilivinunua tena kwa mshahara wangu, kwa awamu mbili. Awamu ya pili ilifika wiki mbili kabla ya mtihani. Somo hili limeandikwa ili wewe usijifunze kwa bei hiyo.

2. MASWALI MAWILI YASIYOFANANA

Watahiniwa wengi hupoteza alama kwa sababu huchanganya maswali haya mawili:

Swali la kwanza: Kati ya muuzaji na mnunuzi, nani anabeba hasara? Jibu hutoka kwenye makubaliano yao na sheria ya mauzo.

Swali la pili: Aliyebeba hasara, au mwenzake kwa niaba yake, anaweza kudai fidia kwa nani? Jibu hutoka kwenye mkataba wa usafirishaji, kanuni za posta, au bima.

Ukijibu la pili kabla ya la kwanza utasema "msafirishaji alipe" na kuishia hapo. Huo ni mwanzo tu wa jibu. Msafirishaji asipolipa, au akilipa kidogo, bado kuna mtu mmoja atakayebaki na hasara. Mtahini anataka kujua ni nani.

3. KANUNI ZA SWALI LA KWANZA

Tanzania Bara mauzo ya bidhaa huongozwa na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, iliyofuata mfano wa sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Kariri kanuni tano zifuatazo.

Kanuni ya 1: Makubaliano hutangulia. Muuzaji na mnunuzi wana uhuru wa kukubaliana nani abebe hatari na mpaka wapi. Wakiwa wamekubaliana wazi, hapo ndipo jibu lilipo. Kanuni zinazofuata hutumika pale ambapo hawakusema lolote.

Kanuni ya 2: Hatari hufuata umiliki. Bidhaa ikiwa bado ni ya muuzaji, hasara ni yake. Umiliki ukishahamia kwa mnunuzi, hasara ni ya mnunuzi, hata kama bidhaa haijafika mikononi mwake.

Kanuni ya 3: Kumkabidhi msafirishaji ni kama kumkabidhi mnunuzi. Ikiwa mkataba unamruhusu au unamtaka muuzaji atume bidhaa, basi akishaikabidhi kwa msafirishaji ili ipelekwe kwa mnunuzi, kwa kawaida huhesabiwa amemkabidhi mnunuzi mwenyewe. Hiki ndicho kilichonibana mimi.

Lakini muuzaji ana wajibu hapo. Lazima afanye na msafirishaji mkataba wa maana, kwa kuzingatia aina ya bidhaa. Akituma vyungu bila kusema kuwa vinavunjika, au akimpa mpita njia asiyetoa risiti, mnunuzi anaweza kukataa kuhesabu kuwa amekabidhiwa, au kumdai muuzaji fidia.

Kanuni ya 4: Bidhaa isiyobainishwa haiwezi kuhama umiliki. Mnunuzi akinunua "kilo 20 za kahawa" kutoka kwenye rundo la kilo 500, hakuna anayeweza kuonyesha kilo zake ni zipi. Umiliki unangoja mpaka kilo hizo zipimwe, zitengwe na kuwekwa kwa ajili yake.

Kanuni ya 5: Mwenye kosa hubeba matokeo ya kosa lake. Bidhaa ikichelewa kutumwa kwa uzembe wa muuzaji, au kupokelewa kwa uzembe wa mnunuzi, aliyechelewesha ndiye anayebeba hasara ambayo pengine isingetokea bila ucheleweshaji huo.

4. BIDHAA ZA MOMELA, MATOKEO MATATU

Chukua njia ileile, kutoka Momela hadi mbali, na uone jinsi jibu linavyobadilika.

Mfano A: Kinyago kimoja. Mtalii anatoka Hifadhi ya Taifa ya Arusha kupitia lango la Momela, anasimama kwenye kibanda cha vinyago. Anachagua kinyago kimoja, anakilipia, anamwomba muuzaji akitume Ujerumani kwa posta. Hiki ni kitu mahsusi, kilichokwisha kutengenezwa, na mauzo hayana sharti. Umiliki ulihama pale pale walipokubaliana. Muuzaji akikifunga vizuri na kukiposti kama alivyoagizwa, kikipotea hasara ni ya mtalii.

Mfano B: Kahawa kutoka kwenye rundo. Kikundi cha wakulima wa miteremko ya Mlima Meru kinapokea oda ya kilo 20 kutoka Mwanza. Usiku huo ghala linaungua kabla kahawa haijapimwa. Kilo 20 za mnunuzi hazikuwa zimetengwa. Hasara ni ya kikundi, na mnunuzi akiwa amekwisha kulipa ana haki ya kurudishiwa fedha zake.

Mfano C: Kahawa ileile, ahadi tofauti. Kikundi kinamwambia mnunuzi: "Tutakufikishia dukani kwako Mwanza, mpaka usaini." Kahawa inapimwa, inafungwa, inapakiwa, inapotea njiani. Hapa kikundi kimejifunga kwa makubaliano kuifikisha. Kanuni ya 1 inaishinda Kanuni ya 3. Hasara ni ya kikundi.

Linganisha maneno ya Mfano C na yale niliyomwambia muuza vitabu. Yeye hakuahidi kufikisha. Mimi ndiye niliyesema "viweke kwenye basi." Maneno matatu yaliamua nani alipe shilingi 288,000.

Kesi ya kukumbuka. Mwaka 1917 mahakama ya Uingereza iliamua kesi ya Healy dhidi ya Howlett. Mnunuzi aliagiza maboksi 20 ya samaki kutoka Ireland. Muuzaji alisafirisha maboksi 190 kwa pamoja, ya wateja mbalimbali, akaagiza wafanyakazi wa reli wayatenge 20 ya mnunuzi huyo yatakapofika Holyhead. Treni ilichelewa kabla ya kufika hapo, samaki wakaharibika. Mahakama ilisema kwamba, kabla ya kutengwa, hakuna aliyejua maboksi 20 ya mnunuzi ni yapi. Hasara ikabaki kwa muuzaji. Hii ni Kanuni ya 4 ikifanya kazi.

Zingatia: Uingereza yenyewe imekwisha kumwondolea mlaji mzigo huu. Chini ya sheria yao ya haki za walaji ya mwaka 2015, bidhaa ambayo mfanyabiashara anamtumia mlaji hubaki kwenye hatari ya mfanyabiashara mpaka ifike mikononi mwa mlaji, isipokuwa mlaji alijitafutia msafirishaji wake mwenyewe. Usiandike kanuni hiyo kana kwamba ndiyo ya Sura ya 214.

5. MASHARTI YA BEI KATIKA BIASHARA YA NJE

Wafanyabiashara wakubwa hawaachi jambo hili kwa bahati. Huweka herufi chache kwenye ankara na kila mmoja anajua hatari inaishia wapi.

Loco: bei ya bidhaa ikiwa pale ilipo, ghalani kwa muuzaji. Mnunuzi hubeba gharama na hatari kuanzia hapo.

F.O.B.: muuzaji hubeba gharama na hatari mpaka bidhaa iwe ndani ya meli. Kahawa ya Arusha ikiuzwa "F.O.B. Tanga", ikipotea kati ya Arusha na Tanga hasara ni ya muuzaji, ikipotea baharini ni ya mnunuzi.

C.I.F.: muuzaji hulipa pia nauli ya meli na bima mpaka bandari ya mnunuzi.

Franco: muuzaji hubeba kila kitu mpaka mlangoni kwa mnunuzi.

Mtego wa mtihani: katika C.I.F. muuzaji hulipa nauli na bima, lakini hatari huhamia kwa mnunuzi bidhaa ikishapakiwa melini, kama ilivyo kwa F.O.B. Kulipia safari na kubeba hatari ya safari ni mambo mawili tofauti.

6. SWALI LA PILI: FIDIA INADAIWA WAPI?

(a) Kwa msafirishaji

Anayepokea mzigo wako ili aufikishe mahali ameshika amana. Chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, mshika amana anatakiwa kuitunza mali kwa uangalifu ambao mtu mwenye busara ya kawaida angeutumia kwa mali yake ya namna hiyo. Akizembea, anawajibika.

Tatizo huwa kwenye ushahidi. Risiti nyingi za mizigo zina maneno kama "mzigo husafirishwa kwa hasara ya mwenyewe." Maneno hayo hayamalizi mjadala, huangaliwa kama mteja alijulishwa sharti hilo kabla au wakati wa kufanya mkataba. Lakini hata ukishinda hoja hiyo, utaulizwa: ndani kulikuwa na nini, cha thamani gani? Risiti ya "boksi 1" haijibu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Usafirishaji wa vifurushi kwa malipo husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Uliza kama anayepokea mzigo wako ana leseni ya kazi hiyo. Asiyeridhika na majibu ya mtoa huduma anaweza kupeleka malalamiko yake TCRA.

(b) Kwa posta

Kwa barua na vifurushi vya nje ya nchi, Shirika la Posta Tanzania hufuata mkataba wa Umoja wa Posta Duniani, ulioanzishwa mwaka 1874 na wenye makao yake Bern, Uswisi. Umoja wa Posta Afrika, ulioanzishwa mwaka 1980, una makao yake hapa hapa Arusha mjini. Mambo manne ya kukumbuka:

(i) Barua ya kawaida isiyosajiliwa ikipotea, kwa kawaida hakuna fidia. Fidia ipo kwa rejista, vifurushi, na vitu vilivyotajwa thamani na kukatiwa bima. Fidia ya rejista na kifurushi cha kawaida ina kikomo, hivyo inaweza kuwa ndogo kuliko thamani ya kitu.

(ii) Kwa macho ya posta, kitu ni cha aliyekituma mpaka kifikishwe kwa anayestahili kukipokea. Kwa hiyo anayefungua madai kwa kawaida ni mtumaji, hata kama aliyeingia hasara ni mpokeaji. Rudi kwenye Mfano A: hasara ni ya mtalii, lakini anayepaswa kwenda posta na stakabadhi ni muuzaji wa Momela. Akiwa ameitupa stakabadhi, amemfungia mteja wake mlango.

(iii) Madai ya ulizo hupokelewa ndani ya miezi sita kuanzia siku inayofuata ile ya kuposti. Tunza stakabadhi angalau kwa muda huo.

(iv) Posta hailipi ikiwa kitu kilikuwa miongoni mwa vilivyokatazwa, kilikamatwa kisheria na forodha, au kilipotea kwa janga lisilozuilika. Kutaja kwa udanganyifu thamani kubwa kuliko ya kweli pia huharibu madai.

(c) Kwa bima

Tahadhari kabla ya hatari. Bima ya mizigo hukatwa kabla ya safari, nayo hufuata kanuni ulizozisoma: maslahi ya bima, nia njema kabisa, fidia, na bima kuchukua nafasi ya mlipwaji. Kanuni ya maslahi ya bima inarudi kwenye swali la kwanza: anayeweza kukata bima ni yule ambaye mzigo ukipotea ataumia. Ndiyo maana lazima ujue kwanza hatari iko kwa nani.

Hesabu. Kahawa ya shilingi 400,000 imekatiwa bima ya shilingi 300,000 tu. Nusu yake, yaani ya shilingi 200,000, imepotea. Mkataba una sharti la wastani. Bima italipa kiasi gani?

Fidia = (kiasi cha bima ÷ thamani halisi) × hasara
= (300,000 ÷ 400,000) × 200,000
= shilingi 150,000

Shilingi 50,000 zilizobaki ni hasara ya mwenye mzigo. Aliyekata bima pungufu ameshirikiana na kampuni kubeba hatari.

7. NAMNA YA KUJIBU SWALI LA KISA

Fuata hatua nne, kwa mpangilio huu:
Hatua ya 1: Walikubaliana nini?
Hatua ya 2: Kama hawakusema, umiliki ulikuwa kwa nani mzigo ulipopotea?
Hatua ya 3: Je, kuna aliyezembea?
Hatua ya 4: Fidia inaweza kudaiwa wapi, na kwa ushahidi gani?

Swali la mfano (alama 10)
Fundi cherehani wa Usa River aliagiza kwa simu majora mawili ya kitambaa, yaliyokwisha kutengwa na kuandikwa jina lake, kutoka duka la Dar es Salaam. Alilipa na kumwambia mwenye duka atume kwa basi. Mwenye duka alimpa kondakta majora hayo bila kuchukua risiti. Hayakufika. Nani abebe hasara?

Jibu la mfano
Muuzaji na mnunuzi hawakukubaliana nani abebe hatari, hivyo tunatumia kanuni za sheria (alama 2). Majora yalikuwa yametengwa na kuandikwa jina la mnunuzi, kwa hiyo umiliki ulikuwa umehamia kwa fundi, na kwa kawaida hatari humfuata mmiliki (alama 2). Pia, kumkabidhi msafirishaji huhesabiwa kuwa ni kumkabidhi mnunuzi (alama 1). Hata hivyo, muuzaji alikuwa na wajibu wa kufanya mkataba wa maana na msafirishaji. Kumpa kondakta mzigo bila risiti kumemwondolea mnunuzi ushahidi wa kudai (alama 2). Kwa hiyo fundi anaweza kukataa kuhesabu kuwa amekabidhiwa, au kumdai muuzaji fidia. Hasara itamwangukia mwenye duka (alama 2). Mwenye duka ndiye atakayehangaika na wenye basi, ingawa bila risiti madai yake ni dhaifu (alama 1).

Umeona? Umiliki ulielekeza upande mmoja, uzembe ukageuza jibu. Aliyeishia Hatua ya 2 amepata nusu ya alama na jibu la mwisho amekosa. Ukitahiniwa kwa Kiingereza, hatua ni hizi hizi.

8. MASWALI YA KUJIPIMA

1. Muuzaji wa Arusha ameuza maharage C.I.F. Muscat. Meli imezama katikati ya bahari. Nani mwenye hasara?
2. Mkulima wa Ngarenanyuki ameuza nyanya, mnunuzi akaahidi kuzichukua Jumatatu. Alikuja Ijumaa, zimeoza. Eleza.
3. Duka moja limemtumia mteja wa nje boksi la siga kwa posta, likaandika kwenye fomu ya forodha kuwa ni pipi. Forodha imelikamata boksi. Je, posta italipa? Kati ya duka na mteja, nani abebe hasara?
4. Mzigo wa shilingi 600,000 una bima ya shilingi 450,000 yenye sharti la wastani. Hasara ni shilingi 120,000. Kokotoa fidia.

Majibu kwa ufupi
1. Mnunuzi, hatari ilihama mzigo ulipopakiwa. Atadai kwenye bima ambayo muuzaji alimlipia.
2. Mnunuzi, kwa Kanuni ya 5: nyanya ziliharibika kwa ucheleweshaji wake.
3. Posta hailipi kwa kitu kilichokamatwa na forodha. Duka ndilo lililodanganya kwenye fomu, hivyo hasara ni ya duka.
4. (450,000 ÷ 600,000) × 120,000 = shilingi 90,000.

MUHTASARI

Hatari hufuata makubaliano. Yasipokuwepo hufuata umiliki. Uzembe huweza kuigeuza. Anayebeba hasara si lazima awe ndiye anayefungua madai. Na mzigo ukiwa bado uko mbele yako, fanya mambo matatu: kubaliana kwa maandishi nani abebe hatari mpaka wapi, andikisha kilichomo na thamani yake, tunza risiti. Siku hizi ninapoagiza vitabu huandika ujumbe mfupi kwa muuzaji: "Hatari ni yako mpaka nisaini Arusha." Wengine huongeza bei kidogo kwa sababu ya maneno hayo. Mimi hulipa.